Wiki Ambazo Galaksi Haikuonekana

Uzee ukishafika magotini, mtu hupanga siku yake kwa swala na kwa viti. Alasiri nasali nimekaa, kisha nahamia kiti cha barazani, hapa Miyuji, Dodoma mjini, ambapo binti yangu wa mwisho amepanga vyumba viwili. Nilikuja mama yake alipofariki. Tulikubaliana nikae mpaka amalize shahada yake ya uzamili, halafu anirudishe Busi, kijijini kwetu Kondoa. Namshukuru Mungu kwa binti huyu. Ila nilikuwa nimechoka. Vumbi la Dodoma ni lilelile la Kondoa, lakini huku linaingia ndani na mtu hana shamba la kulisingizia.

Anachosoma nilikielewa polepole, maana alikuwa akinieleza huku anachagua mchele. Huko mbali sana kuna galaksi, yaani umati wa nyota kama huu tunaoishi ndani yake, na katikati pana shimo jeusi linalomeza vitu. Halimezi vyote. Vingine hurushwa nje kwa mkondo mwembamba unaokaribia kasi ya nuru. Mkondo ukielekea kwetu hutufikia kwa miale mikali, miale ya gama, ambayo jicho haliioni. Huhesabiwa na chombo kinachozunguka juu ya dunia. Na miale hiyo haitulii. Leo ni mingi, kesho imepungua, mara inalipuka kwa saa chache kisha inanyamaza kwa miezi. Yeye alipewa galaksi moja ya aina hiyo, aipime inavyopanda na kushuka.

Mwaka huu akaona jambo. Alipochora mstari wa vipimo vyake, ulipanda na kushuka kwa mpangilio, kama kifua cha mtu aliyelala. Msimamizi wake akafurahi, kwa sababu milipuko inayojirudia kwa vipindi ni adimu katika galaksi hizo. Akapangiwa kutetea tasnifu yake kabla ya mvua. Nami nikaanza kuulizia magari ya Kondoa.

Akaniomba dua. "Baba, niombee ijirudie."

Nikamwambia, kwa maneno yako mwenyewe nuru hiyo iliondoka huko kabla baba yetu Adamu hajaumbwa. Kama ilijirudia, imekwisha kujirudia. Nimwombe Mungu ageuze safari iliyokwisha?

"Sasa utaniombea nini?"

"Uone sawasawa."

"Hiyo ni dua ya mwalimu wa madrasa," akasema, akacheka. Ni kweli, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Siku ya kujipima mbele ya walimu wake, kabla ya utetezi wenyewe, alirudi jua bado kali. Akaniamkia, akaketi kwenye ngazi bila kuvua viatu.

"Kuna mwalimu mmoja mama kaniuliza wiki nyingine ziko wapi."

"Wiki zipi?"

"Nilizoziacha."

Akanieleza. Miale alikuwa akiihesabu wiki kwa wiki. Wiki nyingine huwa michache kiasi kwamba huwezi kusema kama ni ya galaksi au ni ile iliyotapakaa angani siku zote. Wiki hizo alizitoa, akaunganisha zile tu alizoona kitu. "Nilidhani mtu ambaye hajaona hana cha kuandika," akasema. "Nimezirudisha chache leo. Mpangilio unalegea."

"Msimamizi wako anasemaje?"

"Anasema niweke sentensi moja mwishoni kwamba sikuzitumia, niende hivyohivyo. Watapitisha. Yule mama hayumo kwenye jopo."

"Na ukizirudisha zote?"

"Hesabu naanza upya. Utetezi unakuwa mwakani." Aliniangalia magoti, si uso. "Na wewe nilikuahidi Busi."

Nilikunywa chai yangu bila haraka. Nilikuwa na neno la kumwambia, na nilijua nikilisema nitakaa kwenye kiti hiki mvua nyingine nzima. Mwili ulitaka ninyamaze. Lakini nilikuwa nimemwombea aone sawasawa, na mtu hawezi kuomba kitu kisha akakaa mlangoni kukizuia.

Nikamsimulia desturi ya sheikh aliyenifundisha, wakati wa kutafuta mwezi wa sikukuu. Mtu akija kusema ameuona, sheikh alimsikiliza kwa heshima, kisha akatuma waitwe pia wale waliosimama na mtu huyo kilimani, wakaangalia palepale, wasione. Aliwakalisha mbele pamoja naye. Watu walikuwa wakiwatania: "Na hawa ni mashahidi wa nini, wa giza?" Sheikh akijibu kwamba aliyeangalia asione naye ameangalia. Mara nyingine ilibainika kwamba wingu lilikuwa upande wao, na ushahidi wa aliyeona ukasimama. Mara nyingine shahidi mwenyewe, akiwasikia wenzake, alisema labda kilikuwa kipande cha wingu.

"Wakamwita mwongo?"

"Hapana. Alikuwa na hamu ya sikukuu tu."

"Baba, si ungeniambia hili mwaka jana?"

"Mwaka jana hukuniambia kwamba unatupa wiki."

Alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, kisha akavua viatu, akaingia ndani kumwandikia msimamizi wake kwamba hatatetea mwaka huu.

Hesabu mpya imekwenda polepole. Wiki ambayo galaksi haikuonekana haiandikwi sifuri, anasema. Anaweka alama kuonyesha kwamba galaksi haikuzidi mwanga wa kiasi fulani, basi. Wiki zote zilipokaa mahali pake, mpangilio ulipotea. Milipuko ipo, ni ya kweli, na mingine ni mikali kuliko alivyodhani. Haina ratiba.

"Inalipuka inapotaka," akaniambia.

"Inapopangiwa."

"Hilo siwezi kuliandika, baba."

Jana nilimpigia simu mpwa wangu wa Busi.

"Shikamoo mjomba. Tunakusubiri, mvua inanukia."

Nikamjibu, nikamwambia shamba alilime yeye mwaka huu.

"Kwani binti kafeli?"

"Hajafeli. Anahesabu upya, pamoja na wiki ambazo hakuona kitu."

"Mjomba, huko mjini mnahesabu na visivyoonekana? Sisi huku tutahesabu magunia."

"Mkijaliwa."

Nikamwelekeza aweke alizeti upande wa chini, mtama upande wa juu. Na ng'ombe wa plau wasikaribie kaburi la mke wangu pembeni mwa shamba. Hapo pasafishwe kwa mkono, polepole, na kama hana nafasi apaache na majani yake mpaka nije.