Anayeita "Mama!" Kwenye Maji ya Mambilima

Saa tatu asubuhi, maji ya Mambilima yananguruma kiasi kwamba mtu akizungumza, unaona midomo tu. Mtumbwi mpya, ambao bado unanuka utomvu, unaingiza pua katika povu. Mbele kabisa amepiga magoti Evariste, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mkono mmoja hewani.

"Mama!" anapaza sauti.

Wanaume wawili wa kushoto wanachoma makafi majini kwa pamoja, na mtumbwi unalikwepa jiwe.

"Baba!"

Sasa wanavuta wawili wa kulia. Nyuma, Fanwell ameng'ang'ania kafi refu la kuongozea.

"Batu ya ku ng'ambo banawaza tunalia," Evariste anasema, akicheka, mngurumo ukipungua kidogo. "Banaume bazima, kuita mama!"

Hii ndiyo kazi yake. Ufuko wa Nchelenge, kule ziwani, umeishiwa miti minene, kwa hiyo mitumbwi huchongwa huko juu ya mto, na lazima mtu aishushe hadi Ziwa Mweru. Mtumbwi ukifika mzima, kila mmoja wao hupata kwacha sita. Ukipasuka, hawapati hata ngwee.

Zamani Evariste hakuwaita wazazi. Mto huu, Luapula, unashuka kuelekea kaskazini. Kushoto ni Kongo, kulia Zambia. Akiita "Kongo!", walioketi kushoto wanavuta. Akiita "Zambia!", wanavuta wa kulia. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda sawa.

Oktoba 1971 nchi aliyozaliwa ikabadilishwa jina, na askari mmoja akamkaripia ukingoni: "Hakuna Kongo tena. Ni Zaïre! Unasikia?"

Evariste ni mtu wa kutii. Safari iliyofuata, mbele ya jabali kubwa kuliko yote, akaita "Zaïre!" Katika mngurumo ule ilisikika "Za" tu. Wa kushoto wakasikia Zaïre, wa kulia wakasikia Zambia, wote wakavuta, na mtumbwi ukaenda moja kwa moja kwenye jabali. Kweli mdomo uliponza kichwa. Watu waliogelea wakapona, lakini mtumbwi ulipasuka kama ganda la karanga. Tangu siku hiyo anaita Mama na Baba.

"Bakwetu, ulisema Zambia!" Fanwell anamtania mpaka leo.

Mtumbwi ule ulikuwa wa Eneless, mjane wa kijiji cha Kabuta. Kwa miaka miwili sasa anakausha samaki wa watu wengine. Ameuza mbuzi wake wote ili achongewe huu mwingine, na safari hii amekataa kungoja nyumbani.

"Ukivunjika tena, nitaona na macho yangu," alimwambia Evariste.

Basi amekaa katikati, ameinama, akichota maji kwa bakuli. Jabali lile lile linatokea mbele. Evariste anageuza uso, macho yao yanakutana.

"Mama!"

"Mukwai!" anaitika Eneless, kama mwanamke yeyote wa Kibemba mwenye adabu anapoitwa, na anainuka.

Mtumbwi unalala upande. Wa kushoto wanaacha kuvuta ili wamdake. Ndipo neno lililokatazwa linapomtoka Evariste kifuani:

"Kongo!"

Mikono inatii kabla ya vichwa. Makafi mawili yanazama kwa pigo moja, Fanwell anajitupa juu ya kafi lake, na jabali linapita karibu kiasi kwamba Eneless angeweza kulipapasa. Ni ajabu ya Mungu jinsi wanaume sita wanavyoweza kuwa mwili mmoja. Kisha maji yanatulia.

"Mayi haikuambiwa kama jina ilibadilika," anasema Evariste, akiyapiga maji kwa kiganja.

Siku kadhaa baadaye, kijijini Kabuta, Eneless anapitisha kiganja kwenye mtumbwi wake tangu mbele hadi nyuma, akitafuta ufa. Hauoni. Anaketi mchangani na kulia waziwazi.

Kabla ya mvua, Evariste anataka kushusha mitumbwi miwili ya watu wa huko Puta. "Kongo" hataiita tena akiweza. Askari bado wapo. Lakini amepungukiwa na mtu wa kuchota maji, na hajapata kuona mkono mwepesi kama wa mjane huyu.

"Nitakuja," anasema Eneless, akijifuta macho. "Ila ukiita Mama, sitaitika."

"Itika tu, Mama," anajibu Evariste. "Lakini uikale chini."