Sauti Saba kwa Bei ya Moja

"Nimetia sauti wahusika saba, binti, kwa hiyo ni laki saba, siyo laki moja," mzee mmoja alimwambia mhasibu wa studio ya Kinondoni nilikopeleka tangazo langu. Mzee huyo anatia sauti katuni tangu mwanangu wa kwanza alipokuwa ananyonya.

"Mzee wangu, tunalipa kwa kichwa. Na wewe ni mtu mmoja."

Mzee akavua kofia, akainamia dirisha, akatoa sauti ya punda: "Mie nimebeba mizigo filamu nzima, sijaona hata shilingi." Kisha bibi kizee, kwa kikohozi: "Na mie, mjukuu wangu?" Alipofika kwa kichanga anayelia, mhasibu alikuwa amelalia kitabu cha risiti kwa kicheko, na foleni nzima tunafuta machozi.

"Utaniua, mzee."

"Dada," nikamwambia mhasibu kutoka kwenye foleni, "umewasikia wote, umewacheka wote. Mlipeni laki saba zake."