Jirani wa Juu Anajiandaa

Redio ilipotangaza mvua kubwa, mie na mume wangu tukapandisha friji juu ya matofali, watoto tukawapeleka kwa shangazi yao Tegeta. Nyumba yetu ya Temeke iko katikati ya mteremko. Mara nikasikia jirani wa juu yetu anagonga. Nikapanda kutazama. Alikuwa anatoboa shimo la choo chake lililojaa, ili mvua ikianza atapishe bure, kinyesi kishuke na maji. Kishuke kwetu!

"Baba, huna haya? Sie tuko chini yako!"

"Kila mtu anajiandaa, mama," akanijibu bila kugeuka.

Nikakimbia kumwita mume wangu aje amzuie. Nikamkuta nyuma ya choo chetu, ameshika sululu, anaichungulia nyumba ya jirani wa chini yetu.