Swali la Mashimo

Kazi yangu ilikuwa kukagua mashamba. Kampuni moja inayonunua kahawa ilijenga mtambo wa kumenya kahawa mbivu kando ya kijito, upande wa Mapera, na mashine pamoja na pampu ya maji vikaendeshwa kwa umeme wa jua. Wa kupeleka kahawa pale ni mkulima ambaye shamba lake lote, mahindi na maharage yakiwemo, limekaguliwa na kuonekana halichoshi ardhi. Mkaguzi nilikuwa mimi, na buti jipya, na fomu kwenye simu.

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, aliusubiri mtambo ule kuliko mtu yeyote. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Miaka yote alimenya kahawa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na maji ya kuoshea akayapandisha kilima kwa ndoo.

Siku ya shamba lake nilifuatana na bosi wangu, dada mmoja mpole kutoka mjini, wala simlaumu kwa lolote. Mama mdogo alitoka kutupokea amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamwambia, "Habari za leo, mama?" Shikamoo niliimeza. Nilitaka nionekane mtu wa kazi, siyo mtoto wa nyumba ile. Alinitazama kidogo, akajibu nzuri.

Fomu iliuliza: Je, shamba lina mashimo yaliyo wazi? Chini yake: Je, kuna makinga maji? Na kilima kizima kilikuwa ngolo tupu. Ngolo ni mashimo yetu Wamatengo, yaliyopangana toka juu mpaka bondeni, kila moja limezungukwa na matuta yenye nyasi zinazooza ndani. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni na udongo unabaki kwako. Nyasi za ngolo zile nilizilaza mwenyewe nikiwa mdogo, na nilipozilaza ovyo nilichapwa.

"Haya mashimo ni ya nini?" bosi akauliza.

"Ni kilimo cha zamani tu. Wataacha taratibu."

"Mweleze vizuri, mwanangu," mama mdogo akasema.

"Mama, subiri uulizwe."

Niliyasema hayo kwa mdomo huu huu. Kwenye mashimo nikajaza ndiyo, kwenye makinga maji nikajaza hapana, tukaaga.

Majina ya waliopita yalipobandikwa, lake halikuwepo. Nikajifariji kwamba simu ndiyo iliyohesabu. Uongo mtupu. Kulirekebisha jambo lile kulihitaji sentensi moja kwa bosi, lakini sentensi yenyewe ingeanza na "nilikudanganya," na mimi sikuwa na ubavu huo. Msimu wa kahawa nikapita njia ya nyumbani, nikasikia mashine ya mkono inazunguka, inasimama, inazunguka tena. Alikuwa anapumzisha bega. Nikapita kama nisiyejua ni kwa nani.

Mwaka uliofuata akaja mgeni, mtaalamu wa udongo. Aliposimama kwenye kilima cha mama mdogo alishika kichwa kwa furaha. Akataka kuelezwa, na bosi akanisukuma mbele. Nilieleza! Kukata nyasi, kuzipanga miraba, kuchimba katikati na kuzifukia, mwaka wa mahindi na mwaka wa maharage. Waliokuwepo wakanipigia makofi, na bosi akanikazia macho. Mama mdogo alisimama pembeni amekunja mkono wa kulia kifuani.

"Shamba zuri hivi," mgeni akamuuliza, "kahawa yako mbona haipelekwi kwenye mtambo?"

Nilijua sasa natajwa mbele ya watu, na moyoni nikaona heri iwe hivyo, yaishe. Mama mdogo hakunitazama. Alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, kile anachokitumia kwa wageni.

"Aliyekuja kukagua hakuzijua ngolo, baba. Hakuwa mtu wa huku."

Mgeni akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana siku zote anashauri kampuni ziajiri wenyeji. Akanigeukia mimi, akaniomba nimwandikie maneno ya mama huyu yasije yakapotea. Nikatoa kalamu, nikayaandika yote.