Faili nne, spika nne, na mama aliyeita kutoka upande usio wake

Wakuu, salama humu? Sitii chumvi hata kidogo, na hasira bado ninazo.

Mie ndiye mtu wa sauti kwenye kikundi chetu cha maigizo huku Ukonga. Naendesha show kwa laptop: nabonyeza mara moja, sauti zinatoka kwenye spika ninazotaka.

Scene ya mwisho, binti aliyefiwa na mama yuko jukwaani. Mvua inatoka spika mbili za mbele, nyuma ya waigizaji, na upepo spika moja ya nyuma ya ukumbi. Halafu sauti ya mama yake inamwita kutoka spika ya pili ya nyuma, mlangoni kabisa. Binti anashuka kuifuata sauti.

Anayeigiza binti ni Zuhura. Mwenyewe kamzika mama yake mwaka jana, kwa hiyo pale haigizi sana.

Sasa ishu. Zilikuwa faili nne: mvua mbili, upepo, na mama. Dada Upendo, director wetu, mazoezini kila akisema turudie pale mama anapoita, naanza kuvuta faili mojamoja kwenye laptop kuzirudisha hapo. Zikikaa sawa, waigizaji wameshakaa chini.

Nikaona niziunganishe ziwe faili moja yenye chaneli nne, yaani njia nne za sauti, kila moja na spika yake. Ukivuta, zote zinasogea pamoja.

Nikasikiliza na earphone nyumbani. Safi kabisa.

Jumamosi, ukumbi umejaa. Zuhura akainua mikono kuelekea mlangoni, mama akaita... kutoka mbele. Mgongoni kwake!

Spika za nyuma kimya. Watu wakacheka. Pale pa kulia, wakuu, watu wanacheka.

Nikaanza kujieleza kwa Upendo, akanikatisha. "Usiniambie habari za chaneli. Niambie kesho mama ataita kutoka wapi."

Zuhura hakugomba. Alisema tu, "Kaka, umeniacha namtafuta mama sehemu ambayo hayupo."

Bora angenitukana.

Kumbe programu ya kuunganishia, usipoiambia kitu, inakandamiza chaneli zote ziwe mbili. Haiulizi, haionyi. Sehemu ya kuchagua chaneli nyingi wameificha huko ndani kwenye settings. Na earphone ina masikio mawili tu, ingenistua vipi?

Jumapili niliwahi ukumbini. Nikaunganisha upya, nikapanga kila sauti na chaneli yake, nikatembea spika hadi spika nikisikiliza kwa sikio langu.

Show ikaanza. Mama akaita kutoka mlangoni. Zuhura akashuka, na safari hii hakuna aliyecheka. Bibi mmoja safu ya nyuma aligeuka, akavuta mkoba wake pembeni, ampishe anayeita apite.

Nilichojifunza: faili ya chaneli nne ijaribu kwenye spika nne, palepale itakapopigwa. Earphone itakudanganya mchana kweupe.

Nyie mnaoendesha show mnapangaga vipi chaneli zenu? Mwageni ujuzi hapa. Ila wa kuniambia "restart laptop", naomba apite kimyakimya.