Lubunga na Pigo la Pili

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha filozofia Uvira, prefe, ndiye mkuu wa shule, alinisindikiza mpaka mlangoni mwa darasa la sita la sekondari. Akacheka: "Mwalimu, hawa wanangoja diplome tu. Usiwachokoze." Nikawachokoza siku hiyohiyo, na sikuacha mpaka nilipostaafu. Najivunia hilo.

Nilifundisha sheria ya maumbile, yaani ile ambayo mtu anaijua kwa akili yake hata kabla serikali haijaandika ya kwake: tenda mema, epuka mabaya, linda uhai. Ukiyaandika hayo ubaoni, darasa linasinzia. Basi nikawatungia mtu, Lubunga. Lubunga anamkuta mwizi akimng'olea muhogo. Mwizi anamrukia na jembe. Lubunga anamkata panga mkononi, jembe linaanguka, mwizi naye anaanguka. Lubunga anamkata tena, anamuua.

"Haya, mumuhukumu," nasema.

Kila mwaka swali la kwanza lilikuwa lilelile: "Mwalimu, Lubunga iko wa kabila gani? Na mwizi?"

"Sikuwapa kabila."

Loo, walivyokasirika! Bila kabila hawakujua pa kuanzia. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Pigo la kwanza ni kujikinga: nia ni kuokoa uhai wake, na nguvu inalingana na hatari. Pigo la pili? Jembe liko chini, hatari imekwisha. Hapo nia imegeuka, ni kuua tu.

Mwaka mmoja wazazi wakalalamika kwamba ninatetea wezi. Prefe akaniita. "Waambie tu Lubunga alifanya vizuri, tupumzike. Ao nikuombee mutasyo, uhamishwe Makobola?"

"Hata Makobola nitaenda na Lubunga, Bwana Prefe."

Wiki ileile Riziki, msichana wa Katogota aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Kilibula, alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa analia.

"Mwalimu, kaka yangu analala mu shamba na panga. Mwizi wetu wa muhogo, kaka anamujua. Anasema akimukuta atamuua."

 Nilimwambia: "Weye nenda nyumbani Katogota, umupelekee Lubunga. Umuambie yote, mpaka pigo la pili. Mwizi akiwa chini, amufunge kamba, amupeleke kwa shefu wa kijiji."

Akaenda. Nami nikapata barua ya kuhamia Makobola kabla hajarudi. Kule nilifundisha miaka mingi, kwa moyo wote, na kila nilipofika kwenye pigo la pili nilimkumbuka Riziki. Sikujua kule shambani kulitokea nini.

Nilipostaafu, shule ya Makobola ilinifanyia sherehe ndogo. Wakaja wanaume wawili wenye mvi, wamebeba gunia la muhogo, mmoja huku, mwingine huku.

"Minye kaka ya Riziki," alisema wa kwanza. "Na huyu, mwalimu, njo yule alikuwa anang'oa muhogo wetu. Leo tunalima pamoja."

 Yule mwingine akaweka gunia chini, akakunja shati, akaninyooshea mkono. Kovu lilikuwa refu, limepita juu ya kifundo cha mkono.

"Nilimurukia na jembe," alisema. "Akanikata. Nikaanguka, nikafunga macho, nikangoja pigo ingine."

Akaugeuza mkono, niuone pande zote.

"Haikukuja, mwalimu."