Sampo ya Utumbo wa Kaka

Tii! Mlio wa kile kipimo bado uko masikioni mwangu, mfupi, mwembamba, halafu namba inatulia. Mimi nilikuwa mwosha vyombo tu kwenye maabara moja pale Shinyanga mjini, elimu yangu darasa la saba, lakini kilipolia niliacha bomba linamwaga maji nikakimbilia mlangoni kuchungulia.

Dokta wetu, mama mmoja mcheshi, hakuwa mchoyo wa maelezo. Seli za utumbo wa binadamu zilikuja kwa ndege, tukazipokea uwanja wa ndege wa Ibadakuli zikiwa zimegandishwa. Akazipanda kwenye vikombe vidogo kuliko kizibo cha soda, vyenye kitako cha utando wa matundu yasiyoonekana kwa macho. Zikaota, zikashikana, zikawa ukuta wa utumbo! Akipitisha umeme kidogo kwa kile kipimo, ukuta uliobana unauzuia na namba inapanda. Utumbo ukipata uvimbe, seli zinaachiana, ukuta unavuja, namba inashuka. Utumbo ndani ya kikombe, jamani! Nilimsimulia hadi muuza mihogo.

Ndipo kaka yangu akarudi kutoka machimbo ya Geita, amekonda, anaharisha damu. Hospitali walishuku uvimbe wa utumbo, ule usiokwisha. Wakataka kumwingiza mpira wenye kamera na kuchukua vipande vidogo, kimoja cha kumpima yeye, kingine cha maabara yetu kama ataridhia. Akakataa vyote viwili.

"Nyama yangu ibaki kwa watu? Kwetu hata kucha hatuachi ovyo."

Moyo uliniuma. Bila kupimwa kile kipande, matibabu yangeanzia wapi? Nilimtazama mikono ilivyobaki mifupa, nikamuuliza, "Kaka, mkikuta mwamba mpya, mnabeba mlima wote kupeleka kwenye karasha la kusaga mawe?"

"Wewe mtoto huna akili. Tunavunja sampo kidogo, tunatwanga, tunaosha kwenye karai. Tukiona dhahabu ndiyo tunachimba."

"Na mlima unakasirika?"

Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Haya, daktari wa ndoo na sabuni! Lakini mwenye mwamba ana mgao wake. Wangu uko wapi?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia kama nilivyosikia kwa Dokta: kipande cha kwanza ndicho mgao wake, kitaonyesha ugonjwa ili apewe dawa. Cha pili hakimponyi. Kitajaribiwa dawa za kuziba ukuta unaovuja, labda zije kuwafaa wengine.

"Wengine kama nani?"

"Kama wewe, kaka, ila wa baadaye."

Akajikuna kidevu. "Basi wachukue. Ila uwaambie wasinichanganye na utumbo wa mbuzi."

Akaenda. Majibu yalipotoka, ugonjwa ukathibitika, akaanza dawa siku ileile. Seli zake Dokta akazifungia kwenye kabati la joto, akanitahadharisha kwamba nyingi hufa kabla ya kuota.

Asubuhi moja alinikuta mlangoni nimeshika ufagio. "Njoo uone, seli za kaka yako zimeota!" Kwenye darubini niliona vijipovu vya duara, vinang'aa. Nilirukaruka na ufagio wangu kama nipo harusini. Dokta akazirudisha kabatini, akaenda kupokea simu, nikabaki peke yangu. Nikasogea kwenye kioo cha kabati, nikainama kidogo kama tunavyowaamkia wakubwa, nikanong'ona salamu ya asubuhi kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka."